Mlango Namba Nne

Ávila, 13 Oktoba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, na amesema niandike hivyo kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu ananijua: nikishaanza habari zangu namsahau. Hajambo. Goti linamsumbua tangu baridi ianze kushuka kutoka milimani, lakini bado anapanda ngazi za kanisa kila asubuhi huku akilalamika kwamba waliozijenga hawakuwa na bibi. Maharagwe ya mji wa Barco yameingia sokoni. Amenunua kilo tano, kama vile bado tuko watatu mezani.

Mimi ni mzima. Shule zimefunguliwa. Mwalimu wa historia alituuliza wazazi wetu wanafanya kazi gani, nami nikajibu kwamba baba yangu hugongesha magari ukutani kwa makusudi. Darasa zima lilicheka. Rosaura akauliza kama huwa unapewa na zawadi ukilivunja vizuri. Nilitaka kueleza kwamba kituo chenu kinagharimiwa na kampuni za bima. Kwamba gari hugongeshwa polepole, kama mtu anavyogonga akiegesha, ili mjue limeumia wapi, linatengenezwaje na kwa muda gani. Na kwamba mkishajua, mnawaandikia wenzenu wa Uingereza, Ujerumani, Sweden na Japani, nao wanawaandikia ninyi. Sentensi zote zilikuwa kichwani, zimepangika. Nikakaa chini bila kuzisema. Unanijua.

Jumamosi nilikwenda kituoni. Mzee Eladio ameniomba niwe namsomea makaratasi ya Kiingereza yanayotoka kwenye vituo vingine, maana anasema macho yake yanajua chuma tu. Ananilipa kwa keki za viini vya mayai. Benchi lako la kunyooshea magari limefunikwa turubai na hakuna anayelitumia.

Ulisema miezi sita. Nimeangalia kalenda: Pasaka ni tarehe 30 Machi. Nimeizungushia duara kwa penseli, si kwa wino, ili nisikuudhi.

Binti yako,
Casilda


Buenos Aires, 4 Novemba 1996

Bi Vitabu wangu,

Marahaba, mara mbili, moja yako na nyingine umpelekee mama yangu pamoja na busu la goti. Mimi sijambo, ila nimekuwa mtu mwingine: hapa kila Mhispania anaitwa Mgalisia, kwa hiyo mimi, ambaye sijawahi kuiona Galisia hata kwa mbali, naitwa Mgalisia kuanzia getini hadi jikoni. Wanakunywa majani machungu kwa mrija mmoja, wote kwa zamu, na ukisema asante wanajua umetosheka, hawakupi tena. Siku ya kwanza nilishukuru kwa adabu zangu zote za Ávila, nikakaa na kiu hadi jioni.

Kituo ni kipya kabisa. Ukuta wa kugongea magari bado unanukia saruji. Nina mafundi wanne wa kufundisha, wana mikono mizuri na haraka mbaya. Kwa hiyo sikuanza na nyundo. Nilianza na kamba. Unakumbuka nilivyokuonyesha: ukifunga mnyororo kwenye gari lililopinda na kuanza kulivuta, unapitisha kamba ya usalama juu ya mnyororo na kuifunga kwenye benchi. Mnyororo ukikatika, kamba inaushika, unaanguka chini. Bila kamba unaruka kama mjeledi. Nimewaandikia ukutani kwa herufi kubwa: ASIYEFUNGA KAMBA ASIGUSE MNYORORO. Wanacheka, wanasema Mgalisia ni mwoga. Waache wacheke, lakini wanafunga.

Asante kwa kumpelekea mama yako maua kaburini siku ya Watakatifu Wote, najua umepeleka ingawa hukuniandikia. Nyundo yangu ndogo, ile ya mpini wa mti wa mwangati, ipake mafuta kila mwezi. Baridi ya Ávila hula chuma.

Hiyo duara, iandike kwa wino.

Baba yako,
Anselmo


Ávila, 15 Desemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumeamkia theluji, na Bibi ameamka na hasira nayo. Duara nimeiandika kwa wino.

Nina habari itakayokufurahisha. Vituo sita vimekubaliana kulinganisha kazi ya mikono. Mzee Eladio alichukua milango sita mipya, ya gari la aina moja na rangi moja, akaifunga mmoja mmoja mbele ya ile nondo nzito inayoning'inia, akaiachia. Ilibonyea yote sawasawa, chini kidogo ya kitasa. Nilikuwapo. Ilisikitisha kidogo, kama kuona watoto sita wakichanjwa. Sasa kila kituo kitapelekewa mlango mmoja kwa ndege, fundi wao bora aunyooshe, aupake rangi ya msingi ya kijivu tu, aurudishe hapa. Hautaandikwa jina wala alama. Bi Milagros wa ofisini ataipa namba kwa kura na kuifungia orodha ndani ya bahasha, ili wanaopima wasijue ni wa nani. Baadaye njia bora itaandikwa na kugawiwa kwa wote.

Mlango mmoja unakuja kwenu. Nilimwuliza Mzee Eladio ni nani ataunyoosha huko. Akaniangalia kama nimemwuliza jua linachomoza upande gani.

Kabla haujafungwa kwenye sanduku nilifumba macho nikaupapasa, kwa kiganja, juu ya kitambaa chembamba, kama ulivyonifundisha nilipokuwa na miaka minane: jicho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganywi. Utakapoupapasa na wewe, ujue nilitangulia.

Casilda


Buenos Aires, 6 Januari 1997

Bi Vitabu,

Heri ya Wafalme Watatu. Hapa wamefika wakitoka jasho, na ngamia wao nadhani wamekataa. Ni joto la kukaangia mayai. Mafundi wangu wameniletea mkate wa sikukuu, na mimi ndiye niliyepata kipande chenye kidoli ndani, kwa hiyo nadaiwa mkate mwaka ujao. Nimewaambia mwaka ujao nitakuwa nyumbani, watautafuta wenyewe.

Mlango haujafika. Ukifika nitaufanyia kazi ya kumwaibisha Eladio.

Tunaandaa jedwali la muda: kila kazi ya kunyoosha inachukua dakika ngapi. Kampuni za bima za nchi nyingi zitalitumia. Wajerumani wametuletea muda wao wa kunyoosha mhimili wa mbele: saa nne na dakika hamsini. Mafundi wangu waliposoma wakapiga mluzi. Niliwaambia Mjerumani ni mtu kama mtu mwingine, ana mikono miwili.

Mwambie mama asiuze kile kiti changu cha pembeni ya jiko. Najua anakipigia hesabu.

Baba


Buenos Aires, 23 Februari 1997

Casilda,

Salamu kwako na kwa Bibi. Natumaini mu wazima. Mimi ni mzima.

Ofisi imenipa mashine ya kupiga chapa, na naona ni vizuri kuitumia kwa sababu mwandiko wangu unawasumbua watu wa posta.

Kazi imeongezeka. Wameniomba nibaki baada ya Machi. Haitawezekana kuwa nyumbani wakati wa Pasaka. Soma kwa bidii.

Baba yako,
Anselmo


Ávila, 9 Machi 1997

Baba,

Shikamoo. Bibi hajambo. Mimi pia. Nilipata alama za juu katika Kilatini, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote.

Nilimsomea Bibi barua yako. Aliichukua, akaigeuza, akainusa. Akasema barua iliyopigwa chapa hutoka benki au jeshini, na kwamba nimwulize mtoto wake yuko wapi kati ya hizo mbili. Nilimwambia ni mashine tu. Akarudi kumenya viazi.

Mwandiko wako haujawahi kumsumbua mtu wa posta. Evaristo wa posta anaujua kutoka kona ya barabara, hunipigia kelele “Casilda, Amerika!” kabla sijamfikia. Safari hii aliniletea bahasha kimya kimya kwa sababu hakujua ni yako.

Sikuulizi kwa nini hurudi. Nauliza tu kama ni kweli wamekuomba, au ni wewe uliyeomba.

Casilda


Ávila, 31 Machi 1997

Baba,

Shikamoo. Hukujibu, labda barua zimepishana. Naandika tu kukuambia kwamba Pasaka imepita.

Ijumaa Kuu wanachama wenzako wa chama cha kanisani walibeba jukwaa la sanamu ya Bikira Maria wa Huzuni kama kila mwaka. Nafasi yako ya begani, ya tatu kushoto, hawakumpa mtu. Walipita barabarani na pengo hilo. Aliyekuwa mbele yako na aliyekuwa nyuma yako walibeba uzito wako wakagawana. Kwenye kona ya lango la ukuta wa mji jukwaa liliyumba kidogo upande huo, na watu wakazuia pumzi. Kisha likanyooka.

Nilikuwa nimekaa na Bibi kwenye kiti chako, tumekileta hadi barabarani. Hajakiuza.

Casilda


Buenos Aires, 20 Aprili 1997

Casilda mwanangu,

Salamu kwenu. Barua zako mbili nimezipata pamoja. Nimefurahi kuhusu Kilatini. Hapa majira ya baridi yanakaribia, jambo linalonichanganya kila ninapovaa sweta mwezi wa Aprili.

Ni mimi niliyeomba. Umeuliza, nimejibu. Kuna mambo ambayo ni vigumu kuyaeleza kwa barua. Nafikiria kubaki mwaka mmoja mwingine, pengine zaidi. Eladio anaweza kumpa mtu mwingine benchi langu, haifai likae bure. Na nyundo, kama kuna kijana wa kituoni anayeihitaji, mpe.

Mlango nimeutengeneza na umeshaondoka.

Wasamehe wanachama wenzangu. Ingefaa wampe mtu nafasi ile.

Baba


Ávila, 18 Mei 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bibi anaendelea vizuri. Korongo wana makinda mnarani na wanagombana kuanzia asubuhi. Hayo ndiyo yote ya nyumbani, sasa nisikilize.

Milango imefika. Mzee Eladio aliipanga yote sita kwenye chumba cha kupimia, imeegemea ukuta, ya kijivu, kila mmoja na namba yake ya chaki. Vipimo vitaanza Juni. Bahasha ya Bi Milagros imefungwa na itafunguliwa vipimo vikiisha. Nilipomaliza kumsomea makaratasi yake nilimwomba ruhusa ya kupapasa. Alicheka, akasema mtoto wa nyundo hufanana na nyundo, akanipa kitambaa.

Wa kwanza ulikuwa safi lakini mkavu, kama mtu anayejibu ulichomwuliza tu. Wa pili una puti nyingi ya kuzibia mabonde, wameficha. Wa tatu sikuuelewa.

Wa nne nilipogusa ukingo wa chini nilisimama. Umepigwa mviringo kidogo, kama ukingo wa sahani, kwa kipande cha mbao kilichofungwa ngozi. Hakuna mtu mwingine anayejisumbua na ukingo ule, kwa sababu hauonekani. Na ndani, mikwaruzo ya tupa inakwenda mshazari kutoka nyuma kwenda mbele. Nilifurahi hadi nikataka kucheka peke yangu. Nikasema moyoni, shikamoo.

Halafu nikapanda juu, kuelekea kitasa. Vidole viwili chini yake kuna wimbi, Baba. Dogo. Mtu akiliangalia hatalijua hata rangi ikishapakwa. Lakini mimi nililisikia, na wewe ungelisikia kabla yangu. Wewe hujawahi kuacha wimbi. Nimekuona ukirudia mlango wa mkokoteni wa maziwa kwa ajili ya wimbi dogo kuliko lile, na ng'ombe hawajali.

Nilifumba macho nikapapasa tena mara kumi. Sikuwa natafuta wimbi, nilikuwa nalitafutia sababu. Na nikakumbuka mashine ya kupiga chapa.

Barua zako mbili za kwanza, kabla ya mashine, zilikuwa na makosa ya herufi kila mstari, na niliyajua yote. Hizi za chapa hazina kosa hata moja. Mlango una kosa moja. Basi nimeuamini mlango.

Mkono wako una nini?

Sijamwambia mtu. Si Bibi, si Mzee Eladio.

Casilda


Buenos Aires, 9 Juni 1997

Mwanangu,

Kama kuna wimbi, nilijua vipimo vitaliona. Sikujua kwamba kiganja chako kitaliona kwanza.

Ilikuwa tarehe 4 Februari. Nilikuwa nanyoosha mhimili wa mbele, na kijana mmoja amesimama na saa ya kupimia. Nilikuwa nimeona ile saa nne na dakika hamsini kila siku kwa mwezi mzima. Kufunga kamba na kuifungua kunachukua dakika nne. Nikaona nimebakiza dakika tatu kumpita Mjerumani, na nimebakiza mvuto mmoja. Nilikuwa nimesimama chini ya maandishi yangu mwenyewe. Sikufunga.

Mnyororo ulinipata juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa umeunga. Vidole vinakunjuka. Lakini kutoka kidole gumba hadi katikati ya kiganja sisikii kitu. Daktari anasema ni mshipa wa fahamu, na huenda usirudi. Naweza kushika nyundo nisijue nimeishika. Nikiweka kiganja juu ya bati ni kama nimeweka glavu ya mtu mwingine.

Walitaka kumpa mlango mtu mwingine, nikakataa. Niliutengeneza kwa macho na kwa kumbukumbu. Nilidhani nimeweza.

Sasa unaelewa. Ávila nzima inanijua kwa mkono huu. Eladio ananiita Kiganja tangu tuna miaka ishirini. Nirudi nikakae kwenye kiti cha pembeni ya jiko niwe natazamwa? Na hawa mafundi wanne, mimi ndiye niliyewafundisha kamba. Nimewaomba wanyamaze, wamenyamaza, kwa heshima, na heshima hiyo inanichoma kuliko mnyororo. Ofisi tumewaambia niliteleza kwenye ngazi.

Barua hizi namwambia kijana mmoja anaandika. Hii nimeipiga mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Nakuomba jambo moja, na sikuombi mara nyingi: nyamaza. Usimwambie Eladio. Usimwambie mama.

Baba


Ávila, 29 Juni 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilikusudia kunyamaza. Kunyamaza ndicho kitu ninachokiweza kuliko vyote, hata walimu wanajua. Nimeshindwa, na nataka ulisikie kwangu.

Ijumaa vipimo vilikwisha. Mlango namba nne umekubalika, lakini umekuwa wa tano kati ya sita. Bi Milagros akafungua bahasha mbele ya wote, akasoma. Aliposoma namba nne na jina la kituo chenu, Mzee Eladio akasema haiwezekani. Bi Milagros akasoma tena. Mzee Eladio akasema namba zimechanganywa, kwamba kuna mtu amekosea, na kila mtu akamwangalia Bi Milagros kwa sababu ndiye aliyeandika. Akawa mwekundu. Mzee Eladio akasema ataviandikia vituo vyote kwamba orodha ni mbovu na zoezi lote lifutwe.

Nilikuwa nyuma, na makaratasi ya Kiingereza mkononi. Kulikuwa na watu kumi na wanne. Niliwahesabu, ndiyo dawa yangu ya woga. Nikasema, “Hazijachanganywa. Ule ni wa baba yangu. Mkono wake umeumia.” Halafu nikasimulia na habari ya kamba.

Mzee Eladio akaenda akaweka kiganja juu ya namba nne, chini ya kitasa, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema polepole, “Aliupiga bila kusikia? Mimi kwa kusikia nisingeufikia wa tano.” Akatoka nje. Bi Milagros alinishika bega.

Nisamehe au usinisamehe. Lakini nikuulize, maana nimesoma makaratasi yenu kila Jumamosi tangu Oktoba. Kuna kituo kimoja cha kaskazini kilichoandika kurasa tatu kueleza jinsi walivyochomea mhimili vibaya, gari likagongeshwa mara ya pili na kukunjika mahali pasipotakiwa. Wameweka hadi picha. Mwisho wameandika tu: msifanye kama sisi. Na hakuna aliyewacheka. Mzee Eladio alisema, hawa ni watu. Wewe mwenyewe uliniambia nilipokuwa mdogo, nilipolia kwa kuona gari jipya likivunjwa: tunavunja moja hapa ili wengine wasivunje elfu huko.

Basi mkono wako umevunjikia nini, Baba, kama umeufungia ndani ya bahasha?

Kuna mtu Sweden au Japani ambaye leo anaangalia jedwali na saa. Na zile dakika nne hazimo kwenye jedwali. Nimeangalia. Wanahesabu kuvuta, wanahesabu kupima, hawahesabu kamba. Kila mtu anayetaka kuonekana mwepesi ataanzia kuziiba hapo.

Bibi nimemwambia pia. Alikuwa anakaanga. Alizima moto, akakaa kwenye kiti chako. Kisha akasema, “Mwandikie arudi na mkono alionao. Sikumzaa fundi. Nilimzaa Anselmo.” Akawasha moto tena. Mayai yalikuwa yameshaharibika, tukayala.

Nyundo sikumpa mtu.

Casilda


Buenos Aires, 10 Agosti 1997

Casilda

Samahani kwa herufi. Ni mkono wa kushoto. Barua hii imenichukua siku tatu na ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikukasirikia wiki mbili. Ya tatu nilichoka.

Nimeandika taarifa. Kurasa mbili. Nimesema sikufunga kamba na nimesema kwa nini. Kijana wa saa alitaka tuandike “fundi mmoja.” Nimeandika jina langu. Wale wanne walisoma, halafu mmoja akanipa mrija wa majani akasema, “Shika, Mgalisia, kwa huo mwingine.” Nikacheka, mara ya kwanza tangu Februari.

Imepelekwa kwa faksi kwa vituo vyote. Watano wamejibu. Wajerumani ndio wa kwanza. Wamesema katika ile saa nne na dakika hamsini kamba ilikuwamo. Walifunga. Mimi nilikuwa nashindana na mtu aliyefunga kamba. Sasa wote wamekubali dakika nne ziandikwe kwenye mstari wa peke yake, asizipunguze mtu.

Eladio ameniandikia mstari mmoja. Siwezi kuurudia, mama atakuwa anasikiliza. Mwisho wake unasema nije.

Ndege ni tarehe 14 Septemba. Sijui nitafanya nini kituoni. Sijui nitakaaje kwenye kile kiti. Mkono haujarudi, nakwambia mapema usije ukanishika ukangoja nikushike vilevile.

Nimekukumbuka sana. Kwa mashine sikuweza kuliandika hilo, yule kijana angelisoma.

Baba


Ávila, 24 Agosti 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Evaristo aligeuza bahasha mara mbili mbili, akasema hajui ni ya nani lakini imeandikwa na mtu wa kweli. Halafu akapiga kelele kama zamani.

Bibi ameanza kununua nyama. Nimemwambia kuna wiki tatu. Anasema anawazoesha wauzaji.

Milango sita ilikuwa ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba Mzee Eladio namba nne, kwa sauti, mbele ya watu. Aliuleta mwenyewe kwenye gari la kituo. Sasa umeegemea ukuta wa ukumbini, na Bibi, aliyepinga usiingie, anaanikia taulo za jikoni juu yake. Nikimaliza kusoma hufumba macho na kuupapasa. Siku za kwanza nilikuwa nalitafuta wimbi. Siku hizi kiganja kinakwenda penyewe. Limekuwa la nyumbani, kama ngazi inayolia.

Sijaligusa kwa nyundo. Nyundo ina mafuta. Utakapofika utapumzika, utakula, utamsikiliza Bibi hadi mwisho. Kisha utakaa kwenye kiti chako, nitakuwa nimekileta ukumbini, mimi nitachuchumaa mbele ya mlango, uniambie nipige wapi na kwa nguvu gani. Mimi nitakuambia ninachosikia. Ukisema bado, nitapiga tena.

Saa ya ukumbini nimeihamishia jikoni, isitupimie.

Binti yako,
Casilda